Jinsi Polisi Wanavyopeleleza Wizi wa Motokaa na Unyang'anyi wa Njiani

Wasomaji wetu wa Kasulu na Kibondo hawana haja ya kufundishwa maana ya unyang'anyi wa njiani. Mtu yeyote aliyesafiri katika nchi hii ya Buha miaka ya 1990 na miaka kadha iliyofuata akumbuka jinsi mabasi yalivyongojana, askari wenye bunduki wakapanda, ndipo msafara ukaondoka gari moja nyuma ya jingine kupita mapori. Kazi ya kuitia lami barabara itokayo Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hata Manyovu, mwendo wa kilomita 260 na zaidi kidogo, imeibadili safari hiyo sana. Walakini mapori hayakuondoka, mpaka wa Burundi u karibu vile vile, na pikipiki zimeenea kila kijiji. Na pikipiki moja yaweza kuwa mali yote ya nyumba.

Jambo tunalotaka kulieleza leo ni lile lifuatalo baada ya mnyang'anyi kutokomea. Twalieleza kwa sababu tumesikia mara nyingi barazani maneno haya: "Tulimkamata sisi wenyewe, tukampeleka polisi, na baada ya miezi tukamwona sokoni." Wasemao hivyo hudhani mara moja ya kuwa rushwa imeliwa. Hatusemi ya kuwa rushwa haipo. Lakini mtu akizisoma hukumu za Mahakama ataona ya kuwa mashauri mengi huanguka kwa sababu ya kosa lililofanyika siku za kwanza kabisa, na kosa hilo pengine si la askari, bali ni letu sisi tuliokuwapo.

Kwanza yafaa tuyapambanue makosa, maana watu huyaita yote wizi. Mtu akiichukua pikipiki uani usiku mwenyewe amelala, huo ni wizi. Kijana aliyekabidhiwa pikipiki na tajiri wake ili amletee hesabu kila jioni, kisha akatoroka nayo, ameiba kitu alichoaminiwa. Lakini kama wakati wa kuchukua, au mara kabla yake au mara baada yake, mtu amepigwa au ametishwa ili mali itoke au isirudi, huo ni unyang'anyi. Na kama mnyang'anyi alikuwa na silaha, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yaamuru kifungo kisichopungua miaka 30, wala mshitakiwa hapewi dhamana wakati anapongoja shauri lake. Tena silaha si bunduki peke yake. Panga ni silaha, na kisu ni silaha. Basi mtu asemaye kituoni "waliniibia pikipiki," akaacha kusema ya kuwa mmoja wao alimwekea panga shingoni, amelifanya shauri kubwa kuwa dogo. Yampasa ataje ni nani aliyetishwa, na kwa kitu gani, na saa ile mali ilipokuwa ikichukuliwa.

(Tuongeze neno moja kwa wenye pikipiki za mkataba. Kijana aliyechelewa kumaliza malipo si mwizi kwa sababu hiyo tu. Wako wakopeshaji waendao kituoni kuandikisha deni kwa jina la wizi, na askari hupoteza siku nzima kumtafuta mtu aliye nyumbani kwake.)

Habari ya kosa hupelekwa kituoni, au hupigwa simu namba 112. Na penye umbali huanzia kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji. Kituoni huandikwa katika kitabu cha taarifa, na mleta habari hupewa namba, ile iitwayo RB. Wengine huishika namba hiyo kama hirizi. Lakini kitu kikubwa si namba, ila ni maneno yaliyoandikwa siku hiyo, maana wakili wa mshitakiwa aweza kuyataka baadaye ayalinganishe na yale shahidi atakayoyasema kizimbani. Mtu aliyeumizwa hupewa karatasi ya PF3 aende nayo hospitali, na yafaa aende siku ile ile, kidonda kingali kinaonekana.

Tangu hukumu moja ya mwaka 2002 Mahakama ya Rufani imekuwa ikikaza sana jambo hili: shahidi aliyemtambua mkosaji na akamtaja mapema kabisa huaminika zaidi, na yule aliyekawia pasipo sababu huleta mashaka. Ukimtambua jirani yako usiku wa Jumatatu ukamtaja Ijumaa, hakimu hana budi kuuliza: siku hizo zote ulikuwa ukingoja nini? Twajua jibu la kweli, nalo ni hofu. Mtu akaa karibu na ndugu za huyo mkosaji, na shamba lake liko mbali na nyumba. Ndiyo sababu mwaka 2015 ilitungwa sheria ya kuwalinda watoa habari na mashahidi. Tena mtu aweza kumnong'oneza mkuu wa kituo jina bila kulitangaza kijijini. Lakini alinong'oneze siku ile.

Baada ya taarifa, mpelelezi huenda mahali pa tukio. Kila mfugaji ajua ya kuwa nyayo za ng'ombe aliyeibwa hufuatwa kabla kundi jingine halijapita juu yake. Mahali pa unyang'anyi ni vivyo hivyo. Mpelelezi hutazama alama za magurudumu, gogo lililowekwa barabarani, kioo cha motokaa kilichoshikwa kwa mkono mtupu, nyayo zilizoingia majanini. Huchora ramani yake na kupima hatua toka kitu hiki mpaka kile. Lakini mara nyingi afikapo hukuta watu mia wamekwisha simama pale pale, gogo limevutwa kando, na watoto wanachezea maganda ya risasi.

Maganda hayo yana thamani kuliko watu wanavyodhani. Bunduki ipigwapo, pini yake hugonga kitako cha risasi, na chuma cha ndani hukwaruza ganda linapotupwa nje. Hakuna bunduki mbili ziachazo mikwaruzo iliyo sawa kabisa, kwa kuwa vyuma vyake havikusuguliwa wala kuchakaa kwa namna moja. Mtaalamu huweka maganda mawili chini ya darubini yenye macho mawili, akayatazama kwa pamoja, naye aweza kusema ya kuwa ganda lililookotwa Makere na lile lililookotwa Kifura yametoka katika bunduki moja, ingawa bunduki yenyewe haijaonekana. Bunduki ikipatikana siku nyingine, hata nyumbani kwa mtu ambaye hakuna aliyemshuku, matukio yote huungana. Basi aonaye ganda asiliokote. Aligeuzie chungu juu, au aweke matawi kulizunguka, akae hapo mpaka askari waje.

Sasa twafika penye shida kubwa kuliko zote, nasi twaomba msomaji atuvumilie, maana hapa ndipo wenye hatia wengi hutokea, na hapa ndipo asiye na hatia aweza kupotea.

Tuseme basi limesimamishwa saa 2 usiku karibu na mto Malagarasi. Wamo abiria 40. Watu watatu, wenye bunduki moja na mapanga mawili, wanawashusha wote na kuwalaza kifudifudi, wanawapekua kwa tochi, na baada ya robo saa wamekwenda zao. Asubuhi abiria 10 watasema, "Nimewatambua." Hawasemi uwongo kwa makusudi. Wamejaa uchungu, na kila mmoja amesikia jina lililotajwa na mwenzake, hata limeingia katika kumbukumbu yake kana kwamba ni lake. Lakini mtu aliyelala kifudifudi ameona majani, na tochi iliyoshikwa na mnyang'anyi humwangaza anayenyang'anywa. Mshikaji mwenyewe hubaki gizani.

Katika hukumu moja ya mwaka 1980, ambayo mahakimu wetu huitaja karibu katika kila shauri la namna hii, Mahakama ya Rufani ilisema ya kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, na korti isiutegemee mpaka imehakikisha ya kuwa nafasi zote za kukosea zimekwisha kuondolewa. Kwa hiyo mpelelezi mwema humwuliza shahidi mambo ambayo wengine huyaona ya kuchosha. Ulimtazama kwa muda gani? Alikuwa hatua ngapi? Mwanga ulikuwa wa nini, taa ya gari, ya umeme, au mbalamwezi, nao ulikuwa na nguvu gani, na ulimwangukia nani? Ulimjua tangu zamani, nawe ulimwona mara ya mwisho lini? Kulikuwa na kitu kilichokuzuia? Shahidi ajibuye "mwanga ulitosha" hajasema neno. Asemaye "nilikuwa nimeketi kiti cha mbele, taa ya ndani ya basi ilikuwa ikiwaka, akasimama mlangoni kunihoji mpaka nikatoa fedha zote, na alikuwa na kovu juu ya nyusi" amesema kitu. Na yule asemaye "uso sikuuona, lakini mmoja alichechemea mguu wa kushoto" amesaidia kuliko 10 wale wanaoapa.

Wengine hutegemea sauti. Katika nchi yetu hili ni jambo la hatari kabisa. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mtu wa Heru na mtu wa ng'ambo ya mpaka husikilizana bila mkalimani. Basi kusema "alikuwa Mrundi, nilisikia matamshi yake" ni neno jepesi mno la kumfungia mtu miaka 30. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na zaidi tangu mwaka 2015 Warundi wengi walipoingia, kila jambo baya barabarani limekuwa likitupiwa wakimbizi. Wapo waliokosa miongoni mwao, kama walivyopo miongoni mwetu. Lakini mpelelezi akianza na kabila badala ya alama, mnyang'anyi aliye mwenyeji hulala usingizi mzuri sana.

Mtu akikamatwa na shahidi hakumjua kabla, hufanyika gwaride la utambulisho. Mshukiwa husimamishwa kati ya watu wengine, wasiopungua 8, walio wa umri wake, kimo chake, na hali yake. Yeye mwenyewe huchagua mahali pa kusimama, na aweza kuhamia pengine kila shahidi mmoja anapokwisha kutoka. Msimamizi wa gwaride si yule askari anayelipeleleza shauri. Mashahidi hukaa mbali, huitwa mmoja mmoja, na amtambuaye humgusa. Ni utaratibu mzuri. Lakini hauna maana hata kidogo kama shahidi alikwisha mwona mshukiwa amefungwa kamba.

Twawasihi wenyeviti na watendaji walisikie hilo vizuri. Ni desturi yetu, mtu akikamatwa, kumwita aliyenyang'anywa aje ofisi ya kijiji na kumwuliza, "Je, ndiye huyu?" Wengine humpiga picha kwa simu na kuisambaza. Tangu dakika hiyo gwaride limekufa, maana shahidi hatamtambua tena mtu wa usiku ule. Atamtambua mtu aliyeonyeshwa ofisini. Na kumwonyesha kidole kizimbani kwa mara ya kwanza, korti hulihesabu kuwa jambo la thamani ndogo mno, kwa kuwa kila mtu ajua ni nani akaaye pale.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Kibao cha namba, ile MC ya pikipiki au T ya motokaa, hufunguliwa kwa bisibisi kabla chai haijapoa, kwa hiyo mpelelezi hakitegemei sana. Hutafuta namba iliyopigwa katika chuma cha fremu, iitwayo namba ya chesisi, na namba ya injini. Namba za chesisi za pikipiki zetu nyingi zina herufi na tarakimu 17, wala hazitumii I, O, wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Herufi ya kwanza huonyesha zilikotengenezwa: zile za India huanza na M, za China na L. Pikipiki ya Bajaj itokayo India huanza MD2, na ya TVS huanza MD6. Basi mtu akikuuzia Bajaj ambayo namba yake yaanza vinginevyo, muulize maswali. Motokaa zilizotumika kwanza Japani nyingi zina namba fupi zaidi, na hilo si dalili ya wizi.

Mwizi mjuzi huisugua namba kwa tupa mpaka chuma kiwe laini, akapiga nyingine juu yake. Hapa pana jambo la ajabu. Namba ilipopigwa kiwandani kwa nguvu, chuma kilicho chini yake kilibanwa, ubavu wake ukabadilika kwa kina kupita kile ambacho jicho laona. Mtaalamu husafisha mahali pale, akapaka dawa kali yenye asidi na chumvi ya shaba, naye hungoja. Chuma kilichobanwa huliwa na dawa tofauti na chuma kilichokuwa kimetulia, na polepole namba ya kwanza hujitokeza kama kivuli, ikadumu muda wa kupigwa picha. Kisha hulinganishwa na daftari za Mamlaka ya Mapato, TRA, ambako kila chombo kimeandikishwa pamoja na jina la mwenyewe.

Jina hilo ndilo huleta msiba kwetu. Pikipiki huuzwa mara tatu, nne, kwa maneno na kupeana mkono, na kadi yabaki na jina la mtu wa kwanza aliyekwisha hamia Tabora. Iibwapo, mnunuzi wa mwisho huja kituoni akisema "ni yangu" pasipo karatasi. Sheria yasema ya kuwa mtu aliyekutwa na kitu kilichoibwa karibuni, asiyeweza kueleza alivyokipata, aweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwizi au mpokeaji. Lakini kwanza lazima ihakikishwe ya kuwa kitu kimekutwa kwake, ya kuwa ni mali ya mlalamikaji, ya kuwa kiliibwa kwake siku za karibuni, na ya kuwa ndicho kile kilichoandikwa katika hati ya mashitaka. Likikosekana moja, shauri laanguka. "Karibuni" nayo hupimwa kwa aina ya kitu: simu hubadili mikono mara nyingi kwa juma moja, trekta si hivyo. Na mlalamikaji aelezapo alama za kitu chake, azieleze kabla ya kuonyeshwa, si baada. Kiti kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, taa iliyopasuka upande mmoja, namba aliyoinakili katika daftari lake.

Mpelelezi apekuapo nyumba huandika orodha ya vitu alivyovichukua, na mwenye nyumba na mashahidi hutia sahihi. Mara nyingi shahidi huyo ni mwenyekiti wa kitongoji. Sisi makarani twajua jinsi watu wanavyotia sahihi karatasi wasizozisoma. Mwenyekiti asome, ahesabu, na kama pikipiki ilitolewa chini ya majani nyuma ya nyumba, asikubali kuandikiwa "ndani ya nyumba," maana mwaka ujao ataulizwa mahakamani chini ya kiapo, naye akisema jingine, mnyang'anyi atashukuru.

Habari ya simu ni fupi. Kila simu ina namba yake ya ndani ya tarakimu 15, ambayo mwenyewe aweza kuiona kwa kubonyeza *#06#. Simu iliyonyang'anywa ikitiwa laini nyingine, kampuni yaweza kuona, na polisi wakiomba kwa utaratibu wa sheria huelezwa ni laini gani. Na kwa kuwa tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, jina hupatikana. Wanyang'anyi wengi wa mabasi hawakukamatwa kwa bunduki zao, bali kwa simu ndogo waliyompa mchumba.

Chombo kikivuka Manyovu au Mabamba, askari wetu hawawezi kukifuata na silaha katika nchi ya wengine. Habari hupelekwa kwa ofisi ya Interpol, ambayo ina daftari la motokaa zilizoibwa duniani, na kwa njia ya umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika ya Mashariki ulioanzishwa mwaka 1998, ambamo Tanzania na Burundi zote zimo. Hapo tena huulizwa namba ya chesisi. Asiyekuwa nayo, hata barua haiwezi kuandikwa.

Yabaki neno la mtu aliyekamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai yampa askari muda wa saa 4 tangu kumkamata mshukiwa kwa kumhoji, nao hauongezwi ila kwa utaratibu. Maneno yaliyochukuliwa nje ya muda huo, au yaliyotolewa kwa kipigo, yaweza kukataliwa na korti yote pamoja. Na vipi kuhusu kipigo cha wanakijiji? Mshukiwa aliyechomwa moto njia panda hawezi kusema bunduki imefichwa wapi, wala wenzake wawili ni nani, wala pikipiki ya yule mjane imepelekwa kijiji gani. Wenzake wamesikia, wamehama. Na waliomchoma, kama wakitambuliwa, hushitakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Mtu akikamatwa, afungwe mikono, akae chini ya ulinzi wa mgambo, asipigwe, asionyeshwe kwa mashahidi, na simu ipigwe.

Pikipiki ikipatikana, mwenyewe hutaka aende nayo siku hiyo, nasi twamwelewa, maana kila siku ikaapo uani kwa polisi watoto wake hukosa ada na mvua huila minyororo. Lakini ni kielelezo cha shauri. Yampasa aombe kwa mpelelezi, au kwa hakimu mbele ya mwendesha mashitaka, ipigwe picha, namba zake ziandikwe, kisha arudishiwe kwa amri kabla shauri halijaisha, akiahidi kuileta itakapotakiwa. Aende na kadi yenye jina lake, kitambulisho chake, na nakala ya mauziano. Na akisha kurudishiwa, asiiuze wala asiibadili rangi mpaka hukumu itolewe.